Draya inazunguka lakini nguo zinatoka mbichi

Kila draya, yaani mashine ya kukausha nguo, inayolaumiwa inalaumiwa kwa neno moja tu, "haipashi". Sasa haipashi kabisa ama inapasha kidogo? Inaanza na joto alafu inapoa, ama joto lipo tele ila nguo ndo hazikauki? Hizo ni shida nne tofauti na dawa zake haziingiliani. Nimeshaona mtu kanunua hita mpya, kafungua mgongo wa mashine, kafunga hita, kawasha kwa furaha, na nguo bado mbichi, kumbe bomba la nyuma lilikuwa limejaa manyoya mpaka mdomoni.

Nikisema manyoya humu namaanisha ule uchafu laini wa kijivu unaobandua kwenye chujio kila ukimaliza kukausha. Neno hilo utalikuta mara nyingi sana hapa chini, jiandae.

Kwahiyo kabla hujashika bisibisi fanya kipimo hiki. Tia taulo mbili tatu zilizokamuliwa vizuri, chagua programu ya muda, yaani ile unayopanga dakika mwenyewe na sio ile ya otomatiki, weka joto la juu kabisa, iache izunguke dakika 10 kisha fungua mlango uchopeke mkono ndani. Kama ni baridi vile vile ulivyoacha, anza na sehemu ya kwanza. Kama ni vuguvugu tu nenda ya pili. Kama joto ni zuri funga mlango iendelee, urudi kupima baada ya dakika 20 nyingine, ukikuta imepoa shida yako ni ya tatu. Na kama joto halijawahi kukusumbua ila mashine inajizima mapema, ruka mpaka ya nne.

Jua pia una draya gani maana watu wanachanganya. Ipo ya bomba, inayotupa hewa ya moto yenye unyevu nje ya nyumba. Ipo ya kondensa, hii haina bomba, inageuza mvuke kuwa maji na kuyaweka kwenye tangi ama kuyamwaga kwa mpira. Ipo ya pampu ya joto, nayo haina bomba, ila ndani ina kompresa kama ya friji. Na ipo ya gesi, ambayo dramu, lile pipa la ndani linaloshika nguo, inazungushwa na umeme lakini joto linatoka kwenye moto wa gesi. Hii ya pampu ya joto inakausha kwa hewa ya nyuzi 50 hivi wakati ya hita ya kawaida inafika 60 au 70, kwahiyo ukihama kutoka draya ya zamani kwenda hii mpya utadhani imekufa na mwenzio yuko salama kabisa, ndo maumbile yake. Inachukua muda mrefu, inakula umeme kidogo.

Tahadhari kabla ya yote

Kuchungulia chujio na kugusa vitufe hakuna neno. Ila ukitaka kufungua skrubu hata moja, CHOMOA PLAGI ukutani, sio kuzima swichi ya mashine tu. Kama draya yako imefungwa moja kwa moja ukutani bila plagi, zima breka yake (swichi yake kwenye boksi la umeme la nyumba) na upime kwa mita ya umeme kwamba umeme kweli umekatika. Subiri mashine ipoe. Draya nyingi zina kapasita ya mota, lile kopo dogo la plastiki au bati lenye waya mbili, linaweza kukupiga hata plagi ikiwa mkononi mwako, usiliguse. Vaa glavu maana bati za ndani zinakata kama wembe, hilo nimejifunza kwa damu.

Na ukisikia harufu ya gesi hakuna kipimo chochote cha kufanya. Usiwashe wala kuzima swichi yoyote, funga valvu ya gesi kama unaifikia, fungua madirisha, toka nje na upige simu ukiwa huko nje.

1. Dramu inazunguka, joto hakuna hata chembe

Anza na yale ya kuchekesha. Angalia programu, kuna ile ya hewa baridi ya kukung'uta nguo tu, na mtoto akichezea kitufe ndo inakuwa hiyo wiki nzima. Angalia kama umeifungua dakika za mwisho, maana karibu draya zote zinamalizia na dakika kadhaa za kupoza nguo na hapo hita inakuwa imeshazimwa. Alafu kuna hii ambayo wengi hawaijui, modi ya maonyesho. Mashine nyingi za kisasa zina modi ya dukani, taa zinawaka, dramu inazunguka, kila kitu kinapendeza ila hita haiwashwi makusudi. Ukinunua iliyokuwa imewekwa mbele ya duka au ukabonyeza vitufe viwili kwa pamoja bila kujua, unaweza ukaingia humo. Namna ya kutoka iko kwenye kijitabu cha mashine, kila kampuni na ufundi wake.

Baada ya hapo ni umeme unaoingia. Kwenye nchi kama Marekani na Kanada draya ya umeme inatumia volti 240 zinazotoka kwenye nyaya mbili za volti 120, na mota yenyewe inatumia upande mmoja tu. Sasa upande mmoja wa breka ukikatika dramu inaendelea kuzunguka kama kawaida na hita inakufa ganzi, mtu anasema "umeme upo bana, si unaona inazunguka". Zima breka hiyo kabisa alafu uiwashe tena, usiiangalie kwa macho tu, maana breka iliyojikata wakati mwingine inaonekana kama ipo juu. Ikijikata tena usiendelee kuilazimisha, hapo kuna shoti. Kwa wenye umeme wa volti 230 wa plagi moja hili halipo, mota na hita zinapata ama zinakosa pamoja.

Kama umeme uko sawa, kwenye draya nyingi za kondensa na baadhi za bomba kuna kitufe kidogo cha kurudisha, kipo nyuma au ubavuni karibu na hita, saa nyingine kimejificha ndani ya tundu dogo. Ni themostati ya usalama, yaani swichi inayofuata joto, iliyojikata kwa sababu joto lilizidi. Kibonyeze, ukisikia "tak" basi ilikuwa imejikata kweli. Joto litarudi. Lakini usishangilie, soma kwanza hii stori.

Draya ya nyumbani kwangu ilikosa joto, nikapima, nikakuta fyuzi ya joto imekatika. Nikaweka nyingine, ikafanya kazi wiki mbili, ikakatika. Nikasema fyuzi feki, nikanunua nyingine ya bei zaidi, hiyo nayo haikufika mwezi. Mara ya tatu ndo nikapata akili nikachomoa bomba la nyuma, nikatoa soksi ya mtoto iliyoviringika na manyoya, imekaa pale kama kizibo cha chupa. Kubadilisha fyuzi ya joto bila kuuliza kwanini imekatika ni kuziba pancha huku msumari bado uko ndani ya tairi. Fyuzi haikukosea, ilifanya kazi yake, hewa ndo ilikuwa haipiti na joto likarundikana.

Hiyo fyuzi yenyewe ni kidude kidogo cheupe cha plastiki au cha duara chenye miguu miwili, kimefungwa kwenye njia ya hewa karibu na feni au juu ya boksi la hita. Ikikatika haijirudishi, ni ya kutupa. Kwenye mashine nyingine ikikatika inazima kila kitu, kwenye nyingine inazima joto peke yake, kwahiyo usiiondoe kwenye washukiwa eti kwa sababu dramu inazunguka. Kuipima ni rahisi, chomoa waya mmoja, weka multimita (ile mita ya umeme) kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, gusa miguu yote miwili. Nzima inasoma karibu na sifuri. Iliyokatika haisomi kitu. Na tafadhali, USIUNGANISHE waya mbili kuiruka hiyo fyuzi "kwa muda tu mpaka nipate nyingine". Hicho ndo kinga ya mwisho inayosimama kati ya manyoya makavu na moto, na huo muda tu huwa unageuka miaka.

Fyuzi ikiwa nzima njoo kwenye hita. Hita ni waya wa chuma uliojikunja kama springi ndani ya boksi la bati, unachoka, unakatika kama waya wa jiko la umeme. Saa nyingine unauona kwa macho umeachana, saa nyingine mpasuko uko nyuma ya kishikio cha kauri. Chomoa waya zake (hata mmoja unatosha) na upime omu. Hesabu ya kujua inatakiwa isome ngapi ni volti mara volti, gawa kwa wati zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Hita ya wati 2500 kwa volti 230 itasoma omu 21 hivi, ile ya wati 5400 kwa volti 240 itasoma kama omu 11. Ukizidi au kupungua kidogo sio kesi. Isiposoma kabisa, hita imekufa. Ukimaliza, gusa mguu mmoja wa hita na ncha nyingine ya mita gusa bati la boksi, hapo inatakiwa isisome kitu kabisa, ikisoma maana yake waya umelala kwenye bati na hiyo ni hatari, nitairudia huko chini.

Vilivyobaki ni themostati za kawaida (zikiwa baridi zinatakiwa zisome kama fyuzi nzima, karibu na sifuri), sensa ya joto, swichi iliyo kwenye mota ambayo hairuhusu hita kuwaka mpaka mota ishike mwendo, na mwishoni bodi, ile sahani ya vifaa vya kielektroniki inayoendesha mashine. Sensa ya joto haipimwi kama fyuzi, yenyewe omu zake zinashuka kadri inavyopata joto, nyingi zinasoma maelfu ya omu zikiwa baridi. Ipime, alafu ipashe kwa mkono au kwa draya ya nywele, ukiona namba inashuka taratibu iko hai. Bodi ndo ya mwisho kushukiwa japo watu wanapenda kuanza nayo kwa sababu inaonekana ya kitaalamu. Rilei ya hita kwenye bodi (swichi ndogo inayowasha na kuzima hita) inaungua kweli, utaona doa la kahawia au kiungo cha risasi ya kulehemu kilichopasuka, lakini kama bado hujapima fyuzi na hita, bodi iache kwanza.

Ya gesi ina hadithi yake. Kwanza valvu ya gesi iko wazi? Usicheke, mtu anahamisha mashine kufagia nyuma alafu anasahau. Kama unaweza kuona kidirisha cha chini cha moto, tazama, kiwashio kinatakiwa kiwake rangi ya machungwa angavu, alafu ndani ya dakika moja hivi usikie mlio wa valvu na moto utoke. Kisipowaka kabisa inaweza kuwa kiwashio chenyewe au fyuzi. Kikiwaka, kikazima, na moto haukutoka, koili za valvu, zile nyaya zilizoviringwa zinazofungua valvu kwa umeme, ndo zina neno. Hapo mimi naishia kutazama tu. Chochote kinachogusa bomba la gesi ni kazi ya fundi wa gesi mwenye leseni, sio yangu wala yako.

2. Inapasha lakini kidogo, nguo zinakaa masaa matatu

Hapa ndo kuna watu wengi zaidi na hapa ndo pesa nyingi zinapotea bure, maana ukweli ni kwamba mara nyingi hita haina kosa lolote. Draya haikaushi kwa joto peke yake. Joto linatoa maji kwenye nguo yanakuwa mvuke, alafu hewa inabeba ule mvuke inaupeleka nje. Hewa isipotembea ndani panakuwa kama chumba cha kuogea chenye mvuke, moto upo lakini taulo halikauki, na themostati ikiona joto linarundikana inazima hita kila mara, ndo unapata hilo vuguvugu.

Anza na chujio. Najua unalisafisha, kila mtu anasema analisafisha. Lakini chukua chujio hilo hilo safi uliweke chini ya bomba la maji. Maji yakipita moja kwa moja, sawa. Yakisimama juu kama kwenye sahani, basi limezibwa na utando usioonekana wa zile karatasi za kulainisha nguo zinazotiwa ndani ya draya. Lisugue kwa brashi laini, maji ya uvuguvugu na sabuni, likauke kabisa ndo urudishe. Pale chujio linapoingia pia kuna shimo, tia mdomo mwembamba wa vakyumu humo, utashangaa kinachotoka.

Alafu bomba. Vuta mashine mbele taratibu, watu wengi wakiisukuma kurudi ukutani wanaliponda bomba linakuwa bapa na hawajui. Bomba zuri ni la bati gumu lililonyooka, upana milimita 100 hivi. Lile la plastiki jeupe liondoe leo, linashika moto. Lile la karatasi ya fedha linalokunjika kama kinanda cha kuvuta kwa mikono halipitishi hewa vizuri kwa sababu kila kunjo linakamata manyoya. Kila kona nayo inahesabika, kanuni za ujenzi wa nyumba Marekani zinaruhusu futi 35 za bomba alafu kila kona kali ya nyuzi 90 inakata futi 5 kwenye hizo, yaani kona tatu tu zimeshakula mita nne na nusu. Skrubu zilizochomoza ndani ya bomba pia ni ndoano za manyoya, unga kwa tepu ya foili badala yake. Malizia nje, kile kifuniko cha ukutani kinafunguka draya ikiwaka? Ndege wanapenda sana kujenga humo, kuna joto na kuna manyoya, wamepata nyumba na godoro.

Kipimo cha kukata mzizi wa fitina, kwa draya ya umeme tu: chomoa bomba nyuma, washa mashine na nguo mbichi chache kwa dakika 15 hivi ukiwa umesimama hapo hapo. Hewa ikitoka kwa nguvu na joto likawa zuri, mashine yako ni nzima na bomba ndo mgonjwa. Hewa ikiwa dhaifu hata bila bomba, shida iko ndani. Ya gesi USIIFANYIE hivi kabisa, moshi wake una kaboni monoksaidi na huo hauna harufu, unakulaza na huamki.

Shida ikiwa ndani angalia feni. Kuna feni za plastiki ambazo shimo la katikati linalika, mota inazunguka, dramu inazunguka, feni inateleza kwenye shafti yake na kupiga kelele kama kijiko ndani ya kikombe. Au imeshikwa na sarafu, hijabu, waya wa sidiria, vitu vinavyopenya. Kisha angalia felti ya kuzunguka mdomo wa dramu, ikilika hewa baridi inaingia pembeni badala ya kupita kwenye hita, na dalili yake nyingine ni nguo kutoka na michirizi myeusi au kuchanika pindo.

Sasa kuna sababu mbili ambazo hazimo ndani ya draya kabisa. Ya kwanza ni mashine ya kufulia. Kilo 7 za nguo za pamba zikikamuliwa kwa mizunguko 1400 kwa dakika zinabaki na maji kama lita 3 na nusu, zikikamuliwa kwa 800 zinabaki na karibu lita 5. Hiyo lita moja na nusu ya ziada inadai kama uniti moja ya umeme kuifanya mvuke, kwa hita ya wati 2500 ni zaidi ya dakika 20 za ziada na hapo tunahesabu hakuna joto linalopotea. Kwahiyo kama draya ilianza uvivu wiki ile ile uliyobadilisha programu ya kufulia, umeshampata mwizi. Pima kwa mkono, kamua taulo lililotoka kwenye kufuliwa, likidondosha maji rudisha likakamuliwe tena.

Ya pili ni volti. Joto la hita linashuka kwa kasi kuliko volti zenyewe, kwa sababu ni volti mara volti. Umeme ukishuka kutoka 230 hadi 190, hita ya wati 2500 inabaki na kama 1700. Dramu utaiona inazunguka kama kawaida tu. Na ukiwa umetumia ekstensheni nyembamba unajitengenezea tatizo hilo mwenyewe, tena waya wa ekstensheni unapata moto. Shika plagi baada ya nusu saa ya kazi, uvuguvugu mdogo ni kawaida, ikiwa ya moto mpaka unatoa mkono, zima na usiitumie tena mpaka soketi ibadilishwe. Draya inataka soketi yake peke yake.

Mwisho kabisa, baadhi ya draya zina hita mbili, moja ikikatika inabaki nusu. Hiyo unaijua kwa kupima omu kama nilivyoeleza juu, kila moja peke yake.

3. Inaanza vizuri, alafu inapoa na hairudi

Kwanza elewa kwamba hita kuwaka na kuzima ni kawaida, ndo themostati inavyoshikilia joto. Tatizo ni pale inapozima na kukaa kimya dakika 20 nzima.

Kwa ya umeme mshukiwa ni hewa tena, rudi namba mbili, maana themostati ya usalama ya aina isiyo na kitufe inajikata na inasubiri ipoe. Ukiwa umeshahakikisha hewa inapita vizuri, ndo shuku themostati iliyozeeka inayojikata mapema, au kiunganishi cha waya kilicholegea ambacho kikipata moto kinaachia. Kiunganishi cha namna hiyo kina alama, plastiki yake imekuwa ya kahawia na ngumu, wakati mwingine imeyeyuka. Usikibane kwa koleo ukafikiri umemaliza, kile cha zamani kimeshapoteza springi yake, kata uweke kipya kinachostahimili joto.

Kwa ya gesi, hii dalili ina jina karibu kila mahali: koili za valvu. Zikiwa baridi zinafungua valvu vizuri, raundi ya kwanza inapasha safi kabisa, zikishapata joto zinashindwa, kiwashio kinawaka kinazima kinawaka kinazima na moto hautoki. Mtu anasema "asubuhi inafanya kazi mchana inagoma", na mimi nikisikia hivo sihitaji kuuliza swali la pili. Mwambie fundi wa gesi maneno hayo hayo.

4. Joto lipo ila inajizima nguo zikiwa mbichi

Hii ni ya programu za otomatiki na mara nyingi haigharimu kitu. Ndani ya dramu au karibu na chujio kuna vipande viwili vya chuma vinavyong'aa, nguo mbichi ikivigusa umeme mdogo sana unapita, nguo zikikauka haupiti, mashine inajua kazi imeisha. Vikifunikwa na utando wa kilainisho mashine inadhani nguo zimekauka wakati bado. Vifute kwa kitambaa chenye siki nyeupe au spiriti mpaka ving'ae, usitumie steli wayo.

Mzigo mdogo nao unaleta hilo, shati moja na soksi mbili hazigusi vile vyuma vya kutosha. Kuchanganya jinzi na fulana nyepesi ni hivo hivo, fulana zinakauka ndo zinagusa sensa, jinzi bado inatiririka kiunoni. Na shuka likizungushia vitu ndani likawa mpira, katikati hapakauki hata uache mpaka kesho.

5. Za kondensa na za pampu ya joto

Tangi la maji likijaa nyingi zinasimama na taa inawaka, hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana ni kondensa yenyewe, lile boksi la mapezi ya alumini nyuma ya mlango mdogo wa chini. Kwenye mashine nyingi za kondensa linatoka lote, lioshe kwa maji ya kawaida pande zote mbili, usichomeke bisibisi humo, mapezi yanapinda. Kwenye pampu ya joto mara nyingi halitoki, unasafisha kwa brashi laini ukielekea upande wa mapezi yalivyolala, taratibu. Kuna zinazojisafisha zenyewe, ila kujisafisha huko sio kwa asilimia mia.

Chumba nacho kina neno. Hizi mashine zinatupa joto chumbani, ukiifungia kwenye kabati hewa inakuwa ya moto na kondensa inakosa cha kupozea, nguo hazikauki. Fungua mlango. Chumba cha baridi sana pia kinazigomesha za pampu ya joto.

Na kama ya pampu ya joto imesafirishwa ikiwa imelala, isimamishe iache masaa kadhaa kama kijitabu kinavyosema kabla ya kuwasha, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Ikikataa kupasha kabisa na kompresa husikii ikinguruma, hapo hakuna cha kufanya nyumbani. Nyingi za sasa zinatumia gesi ya R290 ambayo ni propani, inashika moto, hiyo saketi haifunguliwi na mtu asiye fundi wa majokofu.

6. Moto umezidi, au harufu ya kuungua

Ukikuta joto linaendelea hata ukiweka programu ya hewa baridi, au nguo zinatoka zinachoma vidole na vifungo vimepinda, zima na uchomoe sasa hivi. Sababu ni ule waya wa hita uliolala kwenye bati niliosema, au rilei iliyoganda ikawa haiachii, au themostati. Hata ukijua ni ipi, mashine isiwashwe tena hata kwa raundi moja ya mwisho.

Harufu ya vumbi linaloungua kwenye mashine iliyokaa miezi bila kutumika inaweza kuisha yenyewe dakika chache, ya plastiki au mpira haiishi yenyewe. Nguo zilizoloa mafuta ya kupikia, mafuta ya masaji, petroli au tina usizikaushe kwenye draya kabisa hata zimefuliwa, mabaki ya mafuta yanajipasha yenyewe hata mashine imeshazimwa. Kwa sababu hiyo hiyo usiizime katikati ukaacha lundo la nguo za moto ndani, zitoe uzitawanye. Ukiona moshi usifungue mlango, unaupa moto hewa, kata umeme kama unaweza kufika kwenye breka salama, toa watu nje, piga simu zimamoto.

Wa kumuita na cha kumwambia

Ita fundi kama ni gesi ya aina yoyote, kama breka inajikata zaidi ya mara moja, kama soketi au waya umeungua, kama ukigusa bati la mashine linakutetemesha, kama fyuzi ya joto imekatika tena baada ya wewe kusafisha njia yote ya hewa, na kama huna mita au hujui kuitumia. Mwambie namba ya modeli (kibandiko kipo ukingoni mwa mlango au nyuma), ni ya aina gani, joto lilikuwaje dakika ya 10 na dakika ya 30, na nguvu ya hewa bila bomba kama ulipima. Ukimpa hayo atakuja na kifaa sahihi mkononi. Akija akabadilisha fyuzi na kufunga mgongo bila hata kutazama bomba, muoneshe bomba.